Historia ya Fundi Kioo, Aliyeuawa kwa Picha Sita za Kujaribia Kamera

Waombolezaji, historia hii inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, na familia imeagiza isipambwe wala isipunguzwe.

Marehemu, mliyemwita Fundi Kioo, alizaliwa tarehe 11 Machi 1988, mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1996 hadi 2002, akaacha sekondari kidato cha pili baba alipofariki, akajifunza ufundi kwa kuifumua redio ya mama, na mama akamkimbiza na mwiko uani kote, "Nirudishie redio yangu, mshenzi wewe!", jioni akairudisha, inasikika kuliko mwanzo.

Mwaka 2014 alifungua kibanda cha kutengeneza simu mkabala na geti la shule, tarehe 6 Agosti 2016 akamwoa mshonaji wa mtaa wa pili, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja ana miaka minane, mwingine minne.

Kila alipobadilisha kamera, alipiga picha barabarani mbele ya mteja, mteja akaridhika, akazifuta. Jumatatu tarehe 16 Juni 2025 mteja mmoja alichelewa, marehemu akajaribu peke yake, saa ya watoto kutoka shule, picha sita, watoto wakaonekana humo, akasahau kuzifuta. Kosa lake ni hilo, tumelitaja.

Yule mteja alipozikuta kwenye simu yake hakurudi kuuliza, kibanda ni hatua hamsini toka kwake, bali Jumanne aliweka mtandaoni picha hizo na sura ya marehemu, akaandika, "Wazazi, huyu anawinda watoto wetu?", kufikia asubuhi watu elfu tisa wameisambaza, wengine na vikatuni vya kucheka.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Alipigwa Jumatano saa nne asubuhi, mlangoni pa kibanda chake, akafariki hospitali Alhamisi tarehe 19, saa mbili asubuhi. Mteja amefuta maneno yake, akamtumia mjane ujumbe, "Pole shoga, mimi niliuliza tu."

Tunawashukuru madaktari waliokesha naye, mafundi wenzake waliorudisha simu zote kwa wenyewe, na jirani muuza mboga, aliyejirusha juu yake akavunjwa mkono. Majirani wengine tutawashukuru baadaye. Muuza mboga alihesabu simu kumi na moja zikirekodi, vipande vya video hizo vimezunguka mpaka kwa binti wa miaka minane, lakini vyote vinaanza marehemu akiwa chini, sehemu ya aliyepiga kwanza imekatwa, na polisi wakiuliza kila mtu anasema, "Ya kwangu ilijifuta."

Mpelelezi ameketi pale mlangoni, shati la bluu. Bila video nzima jalada linafungwa wiki hii, na mabinti hawa watakua wakiitwa watoto wa mwindaji. Kwa hiyo jeneza halinyanyuliwi mpaka mmoja wenu asimame amfuate na video nzima, jua litue kama litatua.

Ndugu yetu, amani yako imo mifukoni mwa waliokuja kukuzika. Wakiitoa, pumzika.