Mwalimu Jokha na Kimbunga Alichosema Hakifiki

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaikum. Mchana huu tunamkumbuka Mwalimu Jokha Haitham, mwalimu wa jiografia hapa Mafia. Alifariki Jumanne nyumbani kwake Kilindoni, akiwa na miaka hamsini na sita.

Waliosoma kwake hawajasahau beseni lake la kioo. Upande mmoja alimimina maji ya moto yenye rangi nyekundu. Upande wa pili maji ya barafu, ya buluu. Katikati, kipande cha bati. Akikichomoa, ya baridi yanajipenyeza chini, ya moto yanapanda juu.

"Ndivyo hewa inavyokutana kwenye nchi za baridi," alisema. "Ya baridi ni nzito, inajisukuma chini ya ile ya joto. Ya joto inapanda, inapoa, inakuwa mawingu na mvua. Dunia inazunguka, na upepo unazunguka. Hicho ndicho kimbunga cha kwao."

"Na kwetu, Mwalimu?"

"Vya huku vinakula joto la bahari. Lakini karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuvisokota. Havifiki."

Kitabu cha shule kilisema ni nadra kufika. Mwalimu alifupisha, wanafunzi wasichanganyikiwe kwenye mtihani. Miaka ishirini na miwili alisema hivyo. Havifiki.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka juzi kilifika.

Asubuhi tahadhari ilipotangazwa, Mwalimu Jokha alimpigia simu Muhidini, mwanafunzi wake wa zamani, nahodha wa boti ya uvuvi kule Bweni. Umi, binti wa Mwalimu, alikuwapo, akasikia yote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Msitoke leo. Kimbunga kinakuja."

Muhidini akacheka. "Si wewe uliyetufundisha havifiki?"

"Nilikosea, Muhidini. Nakuomba, mwanangu."

"Tunatoa nyavu hapo Ras Mkumbi tu. Adhuhuri tumerudi."

Alipiga tena, mara tisa. Haikupokelewa. Akachukua bodaboda, na njia ya Bweni mnaijua ilivyo ndefu na mbovu. Alipofika, boti ilikwisha kutoka, na upepo ulikwisha kuanza kung'oa makuti ya mapaa.

Walikuwa watu sita. Hakurudi hata mmoja. Haikuonekana boti, haukuonekana mwili.

Mwalimu alikwenda kwa mama yake Muhidini, Bi Mwanasiti, akapiga magoti mlangoni. Bi Mwanasiti ametueleza mwenyewe: "Nilimwambia sina kinyongo. Lakini nilikuwa nacho, na yeye alijua."

Baada ya hapo alizunguka vijiji. Hadi kisiwani Jibondo alifika. Kila penye watu alisema maneno yale yale: "Nilisema havifiki. Vinafika." Wengine walilia naye. Wengine waliendelea na kazi zao. Kisha akaacha kutoka, akaacha kula. "Upepo ukivuma kidogo tu," anasema Umi, "mama alikaa sakafuni, akaziba masikio." Presha ikapanda, haikushuka tena.

Juzi Bi Mwanasiti alikuja msibani. Tulimwuliza kama sasa amesamehe. Alisema, "Bado."

Umi, pole sana, wewe na jamaa wote. Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Poleni nanyi, familia sita za Bweni, msio na kaburi la kuzuru.

Nawe unayesikiliza ukiwa umeshika mashine ya boti, tahadhari ikitolewa, baki nchi kavu. Usiulize zamani ilikuwaje.

Sasa tutanyamaza dakika moja. Hatutapiga muziki.