Bi Polepole na Uzio Unaovuma

Hebu mtazameni akija: asubuhi ya ukungu, ndoo ya maji mkononi, anatembea kando ya mahindi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Hata mvua hakuikimbia. Ndiyo maana sote tulimwita Bi Polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa nne wa mkulima na mkewe mfinyanzi. Shuleni alipenda kukaa dirishani. Mwalimu alipofoka, "Wewe, umekwenda wapi?" alijibu, "Nipo, mwalimu. Yametoka masikio tu." Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Sekondari ilimpita, kwani mwaka ule tembo walivuna kabla ya wenye shamba.

Alianza kufuga nyuki kwa mizinga ya fundi seremala mmoja mpole. Mizinga ilipokuwa ya kutosha, fundi akakuna kichwa. "Sasa dada, nitakuja kwa kisingizio gani?"

"Njoo hivyohivyo."

Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978.

Mwaka 1998 aliwashawishi majirani kuyazungushia mashamba uzio wa mizinga, waya ukiunganisha mmoja na mwenzake. Wanaume wakaukaza kweli kweli, mizinga isichezecheze. Tembo akaja, akasukuma, waya ukakatika, nyuki kimya. Bi Polepole alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, tumewabembeleza nyuki walale! Legezeni. Mzinga usipoyumba, watajuaje kuna mgeni?"

Wakalegeza. Msimu uliofuata tembo aliugusa waya, na uzio mzima ukaanza kuvuma. Akageuka taratibu, akapotea ukunguni kama mlima ulioghairi safari. Tangu hapo tukavuna wenyewe, tukauza na asali.

Mwaka jana moyo ulianza kumchosha. Hata hivyo alijikongoja kila asubuhi kujaza visahani vya maji chini ya mizinga. Nyuki wakikosa maji huhama, na mzinga mtupu haumtishi tembo. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 3 Septemba 2023, dirisha likiwa wazi. Tangu siku hiyo visahani vimekauka, na mahindi ndiyo kwanza yanakomaa.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, na majirani wote wa uzio mmoja. Mola amlaze penye utulivu.

Siku moja kabla hajatutoka, binti yake mkubwa alimtuliza: "Pumzika, mama. Uzio una wenyewe."

Akafumbua jicho moja. "Enhe. Wenyewe ndio akina nani?"