Mwenyekiti wa Kamati ya Kumsafirisha Titus

Mchungaji, mjane wetu Serah, watoto, ndugu wa Hounslow na ninyi mliobadilisha mabasi matatu kutoka Walthamstow, familia imemtuma mdogo wa marehemu awasomee historia hii, si kwa kuwa anasoma vizuri, bali kwa kuwa wenye sauti nzuri wote wako kwenye kwaya.

Marehemu Titus Mwadime Mghanga alizaliwa tarehe 9 Mei 1960 huko Werugha, Taita, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Elijah Mghanga na marehemu Mama Dali Mkamburi, akaanza shule ya msingi pale pale mwaka 1967, ambako katika hesabu hakuwahi kuvuka alama mbili kwa tano, akamwachia mdogo wake kazi ya kuokoa jina la familia, na mdogo akaleta moja.

Mwaka 1980 aliajiriwa bandarini Mombasa, tarehe 12 Desemba 1987 akafunga ndoa na Serah Wakesho kanisani Wundanyi, wakajaliwa Eddie mwaka 1990, kisha Juni 1992 wakahamia hapa Hounslow, London, Natasha akazaliwa mwaka 1995, na kwa karibu miaka thelathini Titus akapakia na kupakua mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, wakati mdogo wake akizunguka Muscat, Antwerp na Johannesburg akiufukuza utajiri, na kila aliporudi na begi jepesi kuliko aliloondoka nalo, Titus alilipima kwa mkono, akasema, "Karibu, bwana mkubwa," kisha akamlisha.

Oktoba 2021 alivimba shingoni, akawa anaamka shuka zimelowa jasho, na baada ya vipimo Daktari Kailash akamweleza, Serah na Natasha wakiwepo, kwamba ni saratani ya tezi za limfu, ya aina inayokwenda kasi lakini yenye dawa, na kwamba hatari yake hukadiriwa kwa alama: umri kupita sitini, moja, ugonjwa kusambaa mbali, moja, kutoka nje ya tezi na kuingia sehemu zaidi ya moja, moja, kipimo fulani cha damu kupanda, moja, na ile ya tano, ya mgonjwa asiyeweza kujihudumia, hakuipata kwa kuwa alikuwa amepanda ngazi mwenyewe. Nne kwa tano! Titus aliuliza kama anaweza kumpigia simu mwalimu wake wa hesabu, hadi daktari alipomweleza kwa upole kwamba hapa alama nyingi ndizo mbaya, na kwamba kati ya wagonjwa kumi wanaofanana naye, kama watano ndio hufika mwaka wa nne. Natasha, kwa Kiingereza chake cha kila siku, aliuliza baba yake yuko kwenye watano gani, daktari akajibu kwamba namba inalijua kundi, haimjui mtu. Natasha alikuwa amevishwa pete mwezi uliotangulia, na Titus aliomba jambo moja tu, amshike mkono hadi madhabahuni.

Jumapili iliyofuata alimsimulia Njenga, katibu wa chama chetu cha Wakenya, naye Njenga hakusikia wale watano wanaofika, alisikia wale wengine, na Mkenya wa London akiogopa huunda kamati, hivyo jioni ile akafungua kundi la WhatsApp, "Kumsafirisha Titus Nyumbani", akaingiza wanachama wote, Titus akiwemo. Kila mtu alijifanya simu imeisha chaji, mpaka Titus akaandika, "Jamani asanteni, lakini huu mzigo bado haujafika kaunta. Ajenda ya kwanza isogezwe mbele. Ya pili, nani ana gari Jumanne? Nina dawa." Njenga akaandika, "Mzee, naomba radhi, ardhi ipasuke nizame," Titus akajibu, "Usizame, wewe ndiye dereva."

Hivyo marehemu akawa mwenyekiti wa kamati ya mazishi yake mwenyewe, akagawa zamu za uji na za gari kwa mizunguko sita ya dawa, Aprili 2022 picha zikaonyesha ugonjwa umetoweka, na tarehe 19 Agosti 2023 kamati hiyo hiyo ikapika pilau ya harusi ya Natasha na Dhiren, ambapo Titus alimshika binti yake mkono hadi madhabahuni, akitembea polepole kupita kiasi, si kwa udhaifu, alikuwa anafaidi.

Machi 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii dawa haikuushika, naye akatutoka tarehe 20 Novemba 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Serah, akiwa ameuvuka ule mwaka wa nne, jambo alilomkumbusha daktari mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Familia inamshukuru Daktari Kailash na wauguzi wote, majirani waliovumilia kwaya yetu, na wafanyakazi wenzake wa Heathrow, ambao wameomba wampakie ndegeni wao wenyewe keshokutwa, kwa mikono, bila kurusha.

Siku mbili kabla hajatutoka aliandika kwenye kundi mara ya mwisho, "Njenga, sasa tunaweza kurudi kwenye ajenda ya kwanza." Njenga hajaweza kujibu hadi leo, kwa hiyo tunamjibia sisi: imepokelewa, Mwenyekiti, gari lipo, dereva ni yule yule, pumzika kwa amani.