Mita Mia Tano Kutoka Kanisani

Kwenye teksi ya abiria ya kwenda mtaa wa viwanda wa Mobeni, mama mwenye aproni ya usafi alimlalamikia jirani yake wa kiti, mwanamume aliyevaa tai. "Kliniki yetu inatibu huzuni kwa uyoga, daktari akisimamia. Sasa inafungwa, eti sheria inataka mita mia tano kutoka kanisani. Na kanisa lenyewe limefunguliwa juzi, baba, ndani ya godauni ya matairi. Mimi nitakosa kazi."

"Mama, uyoga unaleta maono."

"Kanisa pia linaleta, kwa spika. Wagonjwa wetu wanaona maono wamenyamaza."

"Mungu hachagui jengo."

"Manispaa inachagua. Godauni ile iko na kibali cha matairi tu."

"Cha ibada tumeshaomba," alisema.

Kiambishi kidogo tu, "tu-", na abiria wote tukajua kuwa ndiye mchungaji wa kanisa hilo. Mama alimkagua kuanzia tai hadi viatu. Teksi ikasimama, wakashuka pamoja, kama majirani wema.