Waliogonga Wakati wa Mafuriko

Kwenye Probox, gari dogo la abiria, tukielekea Soy, kijana mwanajeshi alimwambia mama aliyeketi kando yake kwamba jeshi likipewa boti za injini na kamba, mafuriko hayataua mtu tena. Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa, mwanajeshi habishiwi.

"Boti ilifika kwetu," mama akasema. "Wanajeshi wakagonga sana. Mzee wangu Kiarie akazima taa, akatuambia tunyamaze. Wakati wa zile fujo za kura, ndugu yake aliwafungulia watu waliogonga hivyo, wakamuua. Wanajeshi wakadhani nyumba haina watu, wakaenda. Kufika asubuhi, maji yalikuwa yamemchukua Kiarie."

Kijana akakohoa. "Pole, mama. Na kama tungekuja na jirani, awaite kwa jina?"

"Waliomuua ndugu yake pia walimwita kwa jina."

Probox ikasimama Soy. Hakuna aliyefungua mlango.