Melanje Niliyompaka Mdogo Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata kwa kinywa chenye aibu! Wengi mnanifahamu: mimi ni Maman Noella wa Kadutu, yule aliyekuwa anawang'arisha maharusi ngozi iwe nyeupe.

Nilikuwa nachanganya melanje yangu, yale mafuta ya kung'arisha, kwenye beseni: losheni, tube mbili tatu za dawa ya ngozi, na kifuniko kimoja cha javeli. Niwaeleze polepole, maana hata mimi sikujua. Dawa ile ya tube ni ya kutuliza ugonjwa kwa siku chache, kwa kipimo cha daktari. Ukiipaka mwili mzima miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, haina nguvu ya kujiponya. Javeli ni ya kusafishia choo. Mimi niliiita urembo!

Mdogo wangu Esther alipoposwa, nilimwita kutoka kijijini Nyantende. Alikataa, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, mimi niko muzuri hivi."

Nikamcheka. "Unataka wakwe waseme tumewaletea mutu wa jembe, mweusi wa jua?"

Akanipa mkono wake, nikampaka. Baada ya harusi nikaendelea kumtumia chupa.

Mwaka uliofuata alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto alilia vizuri. Lakini kidonda, ndugu zangu, kilikataa kufunga! Nyuzi zilikuwa zinakata ngozi. Daktari akamuuliza, "Maman, unapaka nini?" Esther akanitazama, akainama. "Mafuta tu, docteur." Mama mkwe wake alikuwa pale. Mdogo wangu alikuwa tayari kufa ili asiniaibishe.

Nilitoka nikaenda koridoni, nikapiga magoti. Nilitaka Mungu amponye mimi nikiwa nimenyamaza. Sikupata amani hata kidogo. Nikarudi.

"Docteur, ni mimi. Ni melanje yangu." Nikataja kila kitu, hata javeli.

Mama mkwe akasema, "Na wewe ndiye yaya wake!"

Mpaka leo neno hilo linanifuata.

Daktari alibadilisha matibabu. Zilipita wiki nyingi, lakini kidonda kilifunga. Asante, Yesu!

Ninyi niliowapaka, wengine mmekaa hapa. Nisameheni. Msiache ghafla kwa siri, maana mwili uliozoea dawa ile unaweza kuugua. Bebeni chupa zenu mpaka kwa daktari, mseme ukweli. Mtegemeeni Mungu, aibu haiui. Mimi nilivuka.

Binti wa Esther sasa anatembea. Ana ngozi ya mama yake, ile ya kwanza. Kila nikimuogesha namwambia, "Wewe uko muzuri hivi." Amina.