Bunduki Nyepesi ya Marehemu Azzan bin Thuwaini Al-Maskari

Ndugu, jamaa na majirani mliofika sablani, baraza yetu ya wageni hapa Ibra, Oman, na nyinyi mtakaoisoma karatasi hii majumbani kwenu: marehemu hakupenda mtu asimuliwe kwa huzuni tupu. Basi kaeni vizuri, kahawa ipite, tumtaje kwa mema yake. Mengi katika mema hayo yanachekesha, na hilo si kosa letu, ni lake mwenyewe.

Marehemu Azzan bin Thuwaini Al-Maskari alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa tatu wa Bwana Thuwaini na Bibi Kaltham, Mungu awarehemu wote. Bibi Kaltham alikuwa akihadithia kwamba mkunga alipomnyanyua mtoto alishangaa akauliza, “Huyu kala nini humo ndani?” Tokea siku hiyo habari ya uzito haikumwacha.

Alisoma chuo cha Kurani na skuli ya msingi hapo hapo Malindi. Mwaka 1964 familia ilihamia Dar es Salaam, na huko akamaliza masomo ya sekondari mwaka 1972, hesabu ikiwa ndiyo somo alilolipenda kuliko yote. Mwaka uliofuata alifika Ibra, mji wa babu yake, na Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha msahafuni. Aliuliza bei ya vitunguu sokoni kwa lafudhi ya khatibi wa Ijumaa, na muuzaji akasimama kwa heshima kabla hajajibu.

Kazi aliianza mwaka 1975, mkaguzi wa mizani za masokoni, kwanza Nizwa, kisha Sur, na mwisho hapa Ibra mpaka alipostaafu mwaka 2014. Mfukoni alitembea na jiwe la mizani la shaba, la kilo moja, ndiyo maana kanzu zake zote zililala upande mmoja. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliingia dukani, akaamkia, akauliza habari za watoto, akanywa kahawa, halafu ndipo akaliweka jiwe lake juu ya mizani. Mwenye mizani mbovu alikuwa keshaona haya zamani, tangu finjani ya pili.

Mwaka 1981 alimuoa Bi Turkiya binti Adham, wa familia iliyotoka Tabora ikaweka maskani Al Kamil wal Wafi. Walijaaliwa watoto wanne. Bi Turkiya anasema aliolewa na mume pamoja na mizani, maana hakuna unga ulioingia jikoni kwake bila kupimwa upya. “Nilizoea,” anasema. “Wengine waume zao huleta wake wenza.”

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalingojea.

Marehemu aliipenda milima. Wanyama wa milima yetu hapa Oman wanalindwa kwa sheria, na yeye alikuwa wa kwanza kumkemea mtu aliyewatolea macho ya tamaa. Lakini alikuwa na hamu moja tokea ujana: kwenda mara moja tu katika maisha yake kuwinda kondoo wa mlimani, mahali panaporuhusiwa na kwa kibali, yeye na sahibu yake Bwana Humaid bin Sinan wa Fanja, aliyefanya naye kazi miaka mingi. Safari hiyo waliinywea kahawa miaka na miaka bila kuifunga.

Februari 2021 moyo ulimsumbua, akapasuliwa Muscat. Alipopata nafuu kamili, mwishoni mwa 2022, alisema, “Humaid, tukingoja zaidi tutawinda kwa kuhadithiwa.” Alikwenda kwa Daktari Ghada, mtoto wa dada yake, kuomba ruhusa.

“Milima mirefu sana huendi, Mjomba. Na mzigo wako wote usizidi kilo saba. Bunduki, maji, nguo, vyote. Ukizidi, huendi.”

“Kilo saba kwa mizani ya nani?”

“Kwa mizani yako. Nakujua, huwezi kuidanganya.”

Hapo ndipo ulipoanza mwaka wa bunduki. Kwanza aliishusha ile ya babu yake, hiyo mnayoiona ukutani. Ilikaribia kilo nne, bila darubini na bila risasi. Akaibusu, akairudisha. Ya pili ilikuwa ya kisasa, mtutu umezungushiwa nyuzi za kaboni, kitako chake ukikinyanyua unadhani ni boksi tupu. Alifurahi mno. Akaenda nayo kwenye kiwanja cha shabaha, akarudi bega limevilia damu.

“Umepigana na nani?” Bi Turkiya akauliza.

“Na bunduki.”

“Nani kashinda?”

Bunduki nyepesi kupita kiasi hupiga teke kama punda, na teke lile si la moyo uliopasuliwa. Tena kulikuwa na jambo jingine alilolibaini mwenyewe. Alipanda kilima mbio kidogo, akalala chini, akalenga, na kwa kila pigo la moyo ncha ya mtutu ikacheza. Bunduki haikuwa na uzito wa kutulia. Aliirudisha kwa mwenyewe na kusema, “Hii inabebeka vizuri, lakini haikai.”

Ya tatu aliipata Nizwa. Mtutu mfupi, kitako cha plastiki ngumu, darubini ndogo. Kilo tatu na robo, mkanda ukiwemo. Alipanda nayo kilima kile kile, akalala akihema, ikatulia. Akaichukua. Ikabaki kutafuta nafasi ya maji na nguo, basi akaanza kupunguza kila kitu. Alikata mpini wa mswaki. Alitoa vibandiko shingoni mwa nguo. Bi Turkiya alimkuta anapima soksi.

“Mswaki unaukata, tumbo unaliacha?”

Bwana Humaid naye alikuwepo, hakumsaidia. “Msikilize mkeo. Ukianguka kule juu, nitakayekubeba ni mimi. Anza kujipunguza wewe, halafu ndiyo soksi.”

Maneno hayo yalimwingia. Aliacha wali wa usiku, akawa kila asubuhi anapanda mpaka kwenye minara ya zamani juu ya mji na kurudi. Alipungua kilo kumi na moja, na kanzu zikaanza kulala pande zote mbili.

Oktoba 2023 waliondoka kwenda kusini ya Tajikistan. Asubuhi ya kupanda, marehemu alining'iniza begi lake pamoja na bunduki kwenye mizani ya mkono, na mizani ikakataa: karibu kilo tisa! Akalifungua. Ndani mlikuwa na bati zima la halwa na dalla, birika la kahawa. Alikuwa amevitia mwenyewe, kwa mkono wake, kwa ajili ya wenyeji, wala haikumjia akilini kwamba halwa nayo ina uzito. Mwaka mzima kapima soksi, halwa hakuipima.

Bwana Humaid alisema, “Nipe mimi nikubebee.”

“Begi lako lishafika kiasi chake, na magoti yako mabovu.”

“Basi iache hapa, tuile tukirudi.”

“Zawadi ya mwenyeji aile mgeni wakati wa kurudi? Wee Humaid!”

Ikabidi bati lifunguliwe pale pale. Na halwa hailiwi kwa haraka. Kahawa ikapikwa, wenyeji wakaita ndugu zao, habari zikaulizwa, watoto wakatajwa mmoja mmoja, dua ikasomwa. Walipoinuka jua lilikuwa limeshapanda na kondoo wote walikuwa wamevuka upande wa pili. Siku ya kwanza ikaliwa na halwa.

Siku ya pili walipanda na mzigo wa kilo saba kasoro. Marehemu alikwenda taratibu, akipumzika alipoambiwa apumzike. Karibu na adhuhuri walimwona dume mzee, pembe zimejikunja, ng'ambo ya bonde. Marehemu akalala, bunduki ikatulia. Akataja jina la Mwenyezi Mungu kama inavyompasa mwenye kuwinda, lakini kwa sauti yake ile ya khatibi, aliyoulizia vitunguu sokoni. Bonde zima likasikia.

Bwana Humaid anahadithia mpaka leo: “Mimi nshasema tumemkosa. Kumbe dume kainua kichwa, kasimama asikilize.” Risasi ilikuwa moja. Nyama yote iliachiwa wenyeji. Marehemu alirudi na bati tupu la halwa, hilo hapo chini ya bunduki ya babu, na kila mgeni aliyeuliza habari zake hakuondoka mapema.

Alipata mwaka mmoja na miezi miwili ya afya nzuri. Mwishoni mwa Disemba 2024 moyo ulirudi kumchosha. Alikataa kunung'unika, alimwambia Ghada, “Ulinipa ruhusa, nami nikaitumia. Tusidaiane.” Alifariki nyumbani kwake Ibra, alfajiri ya Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Turkiya. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Ijumaa.

Jeneza lilipotolewa, Bwana Humaid alisogea kushika pembe ya mbele. Ghada, aliyekuwa mlangoni, alimzuia. “Ami Humaid, magoti yako. Waachie vijana.”

“Nipishe, mwanangu. Nilimwambia nitakayembeba ni mimi.”

Akainama, akaliweka begani, akaenda nalo hatua kadhaa. Kisha tukamsikia anasema naye, kama walivyozoea kusema siku zote: “Kweli umejipunguza, Azzan.”

Hakulitoa begani mpaka kaburini.

Marehemu ameacha mjane, Bi Turkiya binti Adham, watoto wanne, Wadhah, Ibtihal, Manar na Tamim, wajukuu tisa, dada yake aliye mama wa Daktari Ghada, na sahibu yake Humaid bin Sinan, ambaye familia inamhesabu ndugu. Bunduki ya Nizwa anaichukua Ibtihal, mwenye shabaha kuliko kaka zake, kama alivyousia baba yake.

Ewe Mola, mja wako alipima kwa haki duniani. Mpimie kwa rehema zako, uifanye mizani ya mema yake iwe nzito, na umpumzishe kwa amani. Amin.